Kona Ambayo Hatukuipalilia

Kijiwe chetu kipo hapa Urambo, karibu na stesheni, na benchi lenyewe ni taruma la mbao lililong'olewa relini zamani, limekaliwa na watu mpaka limeng'aa. Kahawa anapika Nassibu, na kashata zake za karanga ndizo zinazotufanya tuchelewe kurudi makwetu. Mimi ni Amon, ila hapa ukiuliza Amon utaambiwa hayupo. Uliza Bomba, maana kazi yangu ni kuwapulizia watu dawa ya magugu mashambani, bomba mgongoni, na nikipita mimi shamba linabaki jeupe kama kiwanja cha mpira. Pembeni yangu hukaa Mzee Raymundi, tunamwita Stesheni, mstaafu wa reli aliyekuwa kwenye genge la njia, kazi yake kufyeka kando ya reli kutoka Usoke mpaka Kaliua. Wa mwisho ni Bernardo, na huyo tumempa jina la Kichaka, kwa sababu shamba lake la karanga lina magugu ya kila kabila na dawa hataki hata kuisikia. Asubuhi ninayoisimulia Bernardo hakuwepo, amekwenda stendi kupokea mgeni. Mimi nilikuja na jembe langu, nikaliegemeza kwenye benchi, kwa sababu kuna kazi ilikuwa haijaisha.

— Jembe la nini tena? Nassibu aliniuliza huku akinimiminia kikombe cha kwanza. Si mlisema juzi mmemaliza?

— Shamba tumemaliza. Imebaki kona.

— Kona gani?

— Ile ya kwenye kichuguu. Muulize shemeji yako Flavia.

Flavia ni mke wangu, na hasira zangu zote za asubuhi hiyo zilikuwa juu yake. Ngoja nieleze tangu mwanzo ili usinione mkorofi bure. Shamba analolima Bernardo ni la urithi, na msimamizi wake ni kaka yake, Wilbroad, anayekaa Tabora mjini. Wilbroad amesikia kwa watu kwamba shamba la baba yao limegeuka pori. Akapiga simu, akasema Jumapili anakuja mwenyewe, na akikuta ni pori kweli analichukua, anampa mtu wa tumbaku. Bernardo hana shamba lingine. Katikati ya hayo akapata msiba wa mjomba wake huko Puge, akaondoka, na mimi na Stesheni tukabaki tunatazamana hapa hapa kwenye benchi.

Mwaka jana nilipolazwa kwa ngiri, Bernardo alinivunia mahindi yangu yote, akayaingiza ghalani, na hajawahi kuligusia jambo hilo hata kwa utani. Stesheni alipofiwa na mkewe, Bernardo ndiye aliyelala naye pale nyumbani mpaka watu wote walipoacha kuja. Sasa mtu kama huyo unamwacha anyang'anywe shamba kwa sababu ya magugu? Tukaingia shambani tukang'oa kila kitu.

— Kwa mikono, alisema Stesheni, akimwonyesha Nassibu viganja vyake. Huyu Bomba alitaka kupuliza. Nikamwambia thubutu.

— Nilitaka kazi iishe upesi.

— Mwenyewe hataki dawa, wewe unampulizia. Huo ni wema au unamkomoa?

— Basi si tuling'oa? Tena na mizizi yake. Tatizo ni Flavia. Katuletea ugali, nikajua amekuja kutusaidia. Kafika pale kwenye kichuguu, kasimama, anasema hapa msiguse.

— Kwa sababu gani?

— Anasema ana shughuli na hiyo kona. Shughuli gani, na shamba si lake? Nikibishana naye jua linazama. Tukaacha. Sasa mgeni wa kilimo anakuja kuangalia shamba, anakuta limesafishwa vizuri, halafu kwenye kichuguu kuna pori limesimama. Si aibu hiyo? Nikimaliza kikombe hiki naenda kuifyeka kabla hawajafika.

— Bernardo anajua kwamba mmempalilia?

— Hajui. Amerudi jana na basi la mwisho, leo asubuhi kaenda stendi moja kwa moja. Na usimwambie, Nassibu. Acha afike mwenyewe aone.

Nassibu akatingisha kichwa, akaweka kashata mbele yetu. Kashata hizo ni za karanga za Bernardo, maana Nassibu hanunui kwingine. Anasema za kwake zina mafuta.

— Mimi kinachonishangaza ni kimoja, alisema. Yule bwana si mvivu. Alfajiri yuko shambani. Palizi mbili za mwanzo anapiga mwenyewe na jembe lake. Sasa kwa nini karanga zikishatoa maua anaacha magugu yaote anavyotaka Mungu?

— Mgongo, nilisema. Umri unakwenda.

— Na mahindi yako aliyabebea nini, kama si mgongo huo?

Nikamega kashata. Stesheni akakohoa, na Stesheni akikohoa namna ile ujue treni inaondoka.

— Nyinyi hamjui shamba lile liko wapi. Lile liko juu ya njia ya misafara. Watu walikuwa wanatoka Bagamoyo na mizigo kichwani, wanapita Tabora, wanapita hapa, wanakwenda Ujiji. Shuka kiunoni, miguu peku. Kila mpagazi ana mbegu za mashona nguo zimemnata kwenye shuka. Akifika pale kwa Bernardo anatua mzigo, anajikung'uta.

— Wote wajikung'ute pale pale?

— Palikuwa na maji. Mmanyema amejikung'uta, Mgogo amejikung'uta, Mwarabu amejikung'uta. Ndiyo maana shamba la Bernardo lina kila aina, na la kwako ng'ambo ya njia lina ndago peke yake. Kwako hakuna aliyependa kupumzika.

— Mashona nguo nakubali, alisema Nassibu. Lakini mlenda je? Mlenda haunati kwenye nguo.

— Mlenda unanata kwenye kila kitu.

Nikainuka, nikashika jembe.

— Mimi naenda kwenye kona yangu. Nyinyi endeleeni na wapagazi.

— Kaa, Bomba. Hii ya pili nimeitia tangawizi.

Nikakaa. Kahawa ya tangawizi ya Nassibu si ya kuiacha ipoe.

— Kwa maoni yangu, alisema Nassibu, wapagazi hawahusiki. Mimi nimekulia Ulyankulu. Nimekua na watu waliofika pale wakiwa wamefukuzwa kwao, kila mtu na alichoweza kubeba. Sasa hebu fikirieni. Bomba anapuliza kwa huyu, anapuliza kwa yule, upande wote huu hakuna pa kuishi. Magugu yafanyeje? Yanafunga mizigo, yanavuka njia, yanaingia kwa Bernardo. Yule anayapokea. Anayapa kiwanja.

— Magugu hayana miguu.

— Mbegu zina upepo, zina ndege, zina mbuzi. Unazifukuza wewe, anazipokea yeye. Kwa hiyo pori lile ni la kwako, Bomba. Wilbroad akija Jumapili tumwonyeshe wewe.

Stesheni alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilikasirika kidogo, na nikikasirika huwa naongea chochote kinachonijia.

— Haya, niwaambie ukweli wenyewe. Pale kwenye kichuguu pamefukiwa pembe za ndovu. Msafara ulikimbia vita, ukafukia pembe, na Bernardo kaambiwa na babu yake. Yale magugu ni pazia tu.

— Na Flavia alivyowazuia?

— Naye anajua.

— Kwa hiyo mkeo ana pembe za ndovu, alisema Stesheni, na wewe umevaa suruali hiyo.

Hata mimi nikacheka. Tukajikuta tunajadili tembo mmoja ana pembe mbili ama wengine wana zaidi, na Stesheni akaapa kwamba kule Usinge, zamani akiwa kazini, aliwahi kuona tembo amesimama relini anasubiri treni ipite. Nassibu akasema tembo huyo alikuwa na tiketi. Kikombe cha pili kikaisha, cha tatu kikaingia. Nilishika jembe tena, nikaliacha tena.

— Lakini wadudu jamani, alisema Stesheni, sasa akiwa hana utani. Wadudu kwa Bernardo hawasumbui kama kwetu. Mdudu anakuja na njaa yake, anataka karanga. Anakutana na mgagani, anakutana na mchicha pori, anazunguka kama mtu aliyeshuka Kariakoo mara ya kwanza. Anarudi kwao bila kula.

— Hilo umelitoa wapi?

— Nimelitunga sasa hivi. Ila nyuki wake wamerudi, hilo sijalitunga.

Hilo ni kweli. Bernardo alikuwa na mizinga kwenye miti ya mpakani, na enzi zile anapiga dawa kama sisi, nyuki walihama wote. Hakumlaumu mtu, na wala hakusema ni dawa. Alilaza tu bomba lake chini ya kitanda na hajalitoa tena.

Tukiwa hapo kwenye nyuki, Bernardo akaja akitokea upande wa stendi, shati lake bado lina vumbi la safari ya Puge. Nyuma yake alikuwepo binti mmoja wa miaka ishirini na kitu, ana begi mgongoni na mkononi ameshika kitu cha ajabu, mraba wa waya mnene, kama dirisha lisilo na kioo.

— Shikamooni, alisema yule binti.

— Marahaba, mwanangu, tulijibu wote.

— Mwangaluka, Stesheni akamtupia Kinyamwezi, kumpima.

— Mwangaluka, babu.

Stesheni alifurahi, akasogea kumpa nafasi. Bernardo akatutambulisha mmoja mmoja kwa majina yetu ya kanisani, maana mbele ya mgeni hatuitwi Bomba wala Stesheni, akasema huyu ni Julieth, anatoka chuo cha kilimo. Tukampa Bernardo pole ya msiba, akaitikia. Nassibu akawamiminia kahawa. Mimi nilikuwa nasubiri tu waende shambani ili nione uso wa Bernardo akikuta tulichomfanyia.

— Karibu sana, nilimwambia Julieth. Umekuja kuangalia karanga?

— Hapana, baba. Karanga nitaziona, lakini nimekuja kwa ajili ya magugu.

— Kuyaua?

— Kuyahesabu.

Stesheni alikuwa amepeleka kikombe mdomoni. Kikombe kilikaa pale pale.

— Tunalinganisha, Julieth akaendelea, na uso wake ulionyesha kwamba jambo hilo analipenda. Mashamba yanayopigwa dawa na yasiyopigwa, tunataka kujua yapi yana aina nyingi zaidi za magugu, na aina gani. Ninaweka mraba huu chini, ninahesabu kila kilichoota ndani yake, nasogea, naweka tena. Baba Bernardo alitutumia picha kwa simu. Mwalimu wangu aliona mimea ambayo kwenye mashamba mengi ya huku siku hizi hatuioni kabisa. Akaniambia panda basi leo leo.

— Na kaka Wilbroad nimeshaongea naye, alisema Bernardo. Sauti yake ilikuwa nyepesi, kitu ambacho hatujakisikia wiki nyingi. Kasema chuo wakiona shamba lina maana kwao na wakataka kulifuatilia, ananiachia nilime hivi hivi. Wakisema ni pori tu, basi. Kwa hiyo huyu binti ndiye tegemeo langu. Nimekaa Puge kwenye msiba, nafikiria yale magugu tu, Mungu anisamehe.

Nassibu alinitazama. Mimi nikatazama chini. Pale chini jembe langu lilikuwa limelala karibu na mguu wa Bernardo.

Nakwambia nilitamani treni ipite, hata ya mizigo, nipate sababu ya kukaa kimya. Haikupita. Stesheni alinigusa kwa kiwiko, maana yake sema wewe.

— Bernardo, nilisema. Juzi ulipokuwa Puge.

— Eeh.

— Tulikupalilia.

Alifikiri natania. Akatabasamu, akamtazama Stesheni, na Stesheni hakutabasamu.

— Mlipalilia wapi?

— Shamba. Mimi na mzee. Tulisikia Wilbroad anakuja, tukajua na mgeni anakuja, tukasema usiaibike. Wewe umetutendea mengi na hatujawahi kukulipa hata kidogo. Tukaona kwa hili tutaweza.

— Lote?

— Tulianzia njiani mpaka kwenye miti ya mizinga.

 Bernardo aliweka kikombe chake kwenye taruma polepole, kikiwa bado kimejaa, na mikono yake akaiweka magotini. Ningependa anitukane. Mtu akikutukana unajua pa kushika. Julieth naye alikuwa ameukumbatia mraba wake wa waya.

— Mlipiga dawa? aliuliza.

— Hapana, mwanangu, alisema Stesheni upesi. Mikono. Tazama.

— Afadhali. Mbegu zipo kwenye udongo. Ninaweza kuchukua udongo, niumwagilie kule chuoni, nione kitakachoota. Lakini hilo linachukua wiki nyingi, na Jumapili ni keshokutwa. Magugu mliyong'oa yako wapi?

— Mengine tuliyapa mbuzi. Mengine yamekauka mpakani.

— Yakikauka ni vigumu. Akafikiri. Hakuna hata sehemu ndogo iliyobaki? Hata kipande tu?

Nilichelewa kuelewa. Nakiri nilikuwa nawaza jinsi nitakavyomwambia Wilbroad kwamba kosa ni letu, na kama Wilbroad ni mtu wa kusikia. Nassibu ndiye aliyelisogelea jembe langu, akaliinua, akaliegemeza upande wake mbali na mimi.

— Bomba, alisema. Kona.

— Kona gani? Bernardo aliuliza.

— Kona ya kwenye kichuguu, nilisema. Flavia alitukatalia. Ipo. Ilikuwa niende kuifyeka asubuhi hii, kabla hamjafika. Nilichelewa tu hapa.

— Kwa sababu ya tangawizi, alisema Nassibu.

— Na wapagazi, alisema Stesheni.

— Na pembe za ndovu, alisema Nassibu.

Julieth alitutazama kama watu wanaohitaji kupumzika, lakini Bernardo tayari alikuwa amesimama. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilidhani sasa ananitukana.

— Asanteni, alisema. Hakuna mtu aliyewahi kuingia shambani kwangu kunisaidia bila kuitwa. Asanteni sana. Na Flavia nitamshukuru mwenyewe.

Machozi yalinilenga, na sioni haya kusema. Stesheni alijifanya kahawa imempalia. Julieth aliuliza kona hiyo ina ukubwa gani, Bernardo akamwonyesha kwa mkono kutoka kwenye benchi mpaka kwenye jiko la Nassibu na zaidi, akasema ni pale ambapo magugu huota kwa wingi kuliko kwingine kote. Julieth akasema basi inatosha kuanzia, udongo atauchukua pia, na Jumapili atabaki amweleze Wilbroad kwa mdomo wake. Nikavuta pumzi.

— Halafu nitahitaji shamba linalopigwa dawa, la kulinganisha, aliendelea. Baba Bernardo kaniambia ni lako, baba, ng'ambo ya njia.

— Karibu, nilimwambia. Hutachoka kuhesabu. Ndago tu. Ndago hiyo dawa yangu inaifurahisha.

— Sawa. Nina swali dogo tu, la kunisaidia kujua magugu yapi watu wanayatumia. Kwako mkeo anachuma mboga wapi?

Nilifungua mdomo kumjibu, kwa sababu ni swali la mtoto. Jana nilikula mgagani na ugali. Juzi, pale pale shambani kwa Bernardo, nililetewa mlenda, nikaula nimeegemea kichuguu na kumlalamikia aliyeupika. Wiki iliyopita mchicha pori. Na pale uani kwangu, juu ya mkeka, kuna majani Flavia ameanika tule kiangazi, ninayaruka kila asubuhi nikienda kuchukua bomba. Sijawahi kumuuliza yametoka wapi. Kwangu hakuna jani lolote la kuliwa, nimehakikisha mwenyewe.

Nilimtazama Stesheni. Stesheni hula kwangu tangu alipofiwa, kwa hiyo naye akawa anatafuta kitu mfukoni. Nassibu aliinua birika kutujazia, likatoa matone mawili, akaliweka chini.

— Baba? alisema Julieth.

— Bernardo, nilisema. Asante kwa mboga.

Bernardo alikuwa anajifunga kamba ya kiatu. Hakuinua hata kichwa.

— Karibuni. Mwambie shemeji mgagani wa kule nyuma ya kichuguu awahi kuuchuma, usije ukakomaa.